Eneo la ganda la joto la wodi: nimepata namba tatu za kuta, nitumie ipi?

Mchoraji_Makete

Habari za kazi, ndugu wataalamu. Ninachora wodi ya wazazi ya kituo cha afya huku Makete, ambako Juni na Julai mtu huamka akakuta umande umeganda juu ya nyasi, na mteja anataka ramani iambatane na hesabu ya joto ili asinunue vipasha joto kwa kubahatisha. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, nami nimechukua nyuzi 25 ndani na nyuzi 8 nje kwa usiku wa baridi, yaani tofauti ya nyuzi 17.

Jengo lenyewe halina makuu. Kwa ndani lina urefu wa mita 14.00 na upana wa mita 8.00, kuta ni za tofali la kuchoma zenye unene wa sentimita 25 pamoja na lipu ya pande zote mbili, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.80. Upande wa mashariki limeshikana na stoo yenye kina cha mita 3.00 ambayo haitapashwa joto, na hakuna mlango kati ya stoo na wodi. Madirisha ni 8 ya mita 1.50 kwa 1.20, milango ya nje ya wodi ni 2 ya mita 1.20 kwa 2.10, na stoo ina mlango wake wa nje wa mita 0.90 kwa 2.10. Paa ni la bati, lenye miteremko miwili, linalofunika wodi na stoo kwa pamoja.

Nilipopima kwa mkono kwa kufuata uso wa ndani, nilipata kuta za mita za mraba 103.76 baada ya kutoa madirisha na milango. Mwenzangu ofisini alipima kwa nje akapata 120.86. Kisha nikaitaka ArchiCAD, programu ninayochorea majengo, initolee orodha ya kuta zote nilizoziwekea alama ya ukuta wa nje, ikanipa 182.12. Kwenye paa mambo ni yaleyale: orodha inasema mita za mraba 198, ilhali sakafu niliyoijumlisha kutoka kwenye zoni za vyumba vya wodi, yaani maeneo ya vyumba yanayopimwa na programu, ni 108.70 tu. Nimekagua modeli mara tatu na sijaona ukuta uliochorwa mara mbili. Je, namba ipi ni sahihi, na kuna njia ya kuifanya programu itoe eneo la ganda la joto yenyewe bila mimi kurudi kwenye kikokotoo?

Mwalimu_Uyole

Ndugu Mchoraji, programu haikukosea. Imejibu swali ambalo hukukusudia kuliuliza. Orodha za kuta katika ArchiCAD, na katika Revit pia, humfaa zaidi mkadiriaji wa gharama anayetaka kujua atanunua matofali mangapi na rangi kiasi gani. Kwa kazi hiyo ukuta wa stoo ni ukuta, pembetatu iliyo chini ya bati ni ukuta, na hata kipande kilichozama chini ya sakafu ni ukuta. Joto halina habari na idadi ya matofali. Linachojali ni mpaka mmoja tu, yaani uso unaotenga hewa unayoipasha na hewa usiyoipasha, au unaoitenga na udongo. Uso huo ukiufuata kutani, darini na sakafuni mpaka ukarudi ulipoanzia, ndio ganda la joto, na programu haiwezi kuujua kabla ya mchoraji kuamua unapita wapi.

Tuifumue hiyo 182.12. Nimekisia kwamba kuta zako zinaanzia sentimita 60 chini ya uso wa sakafu na kuishia mita 3.00 juu yake, na kwamba paa linapanda mita 1.70 kutoka hapo hadi kileleni, kwa kuwa kwa vipimo hivyo hesabu inakubali. Anza na 120.86 ya mwenzako. Ondoa ukuta ulio kati ya wodi na stoo, mita 8.50 kwa kimo cha ganda cha 3.05, yaani 25.925, kwa sababu bila shaka uliuwekea alama ya ukuta wa ndani na kwa hiyo haumo kwenye orodha. Ongeza kuta tatu za stoo, 45.75, ukitoa mlango wake wa 1.89, umefika 138.795. Ongeza sentimita 55 za kimo ambazo si sehemu ya ganda, ukizungusha mita 52.50 za jengo zima, yaani 28.875. Malizia kwa pembetatu mbili za miishoni mwa paa, kila moja yenye upana wa mita 8.50 na kimo cha mita 1.70, ambazo kwa pamoja ni 14.45. Hapo utakuta 182.12 kamili.

Naomba uone jambo moja katika hesabu hiyo. Vilivyozidi vinaonekana, kwa kuwa namba kubwa humshtua mtu akaanza kutafuta. Kilichokosekana hakimshtui yeyote. Ule ukuta wa stoo, ambao kwa programu ni wa ndani lakini kwa joto ni wa nje au karibu na nje, ungeweza kusahaulika mpaka jengo likakamilika na vitanda vya upande wa mashariki vikawa na baridi kuliko vingine. Mimi mwenyewe niliwahi kukabidhi hesabu ya bweni moja la wanafunzi nikiwa nimeacha ukuta wa namna hiyo, na nilikuja kujua baada ya msimu mmoja wa baridi, si kwa kuambiwa na programu bali kwa kuambiwa na matroni.

Paa nalo lina kisa kilekile. Mita za mraba 198 ni za bati, pamoja na sentimita 60 za ukingo zinazotokeza kila upande, zikipimwa kwa mteremko, na stoo ikiwa ndani yake. Lakini hewa ya kwenye kenchi haipashwi joto, kwa hiyo kifuniko cha ganda lako ni dari na si bati. Dari ya wodi peke yake kwa vipimo vya nje ni mita 14.50 kwa 8.50, yaani 123.25.

Sasa kati ya 103.76 na 120.86, zote mbili ni halali. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13789 kinakubali vipimo vya ndani na vya nje, mradi mtu ataje alivyotumia na asivichanganye. Wanaofuata utaratibu wa Passivhaus, ule wa majengo yanayotumia nishati kidogo sana ulioanzia Ujerumani, hupima kwa nje. Hesabu ya nyumba za kuishi ya Uingereza, inayoitwa SAP, hupima kwa ndani. Kwa jengo lako, ukijumlisha kuta pamoja na madirisha na milango yake, dari na sakafu, ganda la ndani ni 347.20 na la nje ni 386.80. Tofauti ni mita za mraba 39.60, zaidi ya asilimia 11, nayo yote imejificha kwenye kona: pale ukuta unapokutana na ukuta, ukuta na dari, na ukuta na sakafu. Kipimo cha ndani kinaisahau kona na kipimo cha nje kinaihesabu kwa ukarimu. Ndiyo maana marekebisho ya upotevu wa kwenye kona huwa ya kuongeza kwa anayepima ndani, na kwa kona za kawaida za kuta za nje mara nyingi huwa ya kupunguza kwa anayepima nje. Anayechukua maeneo ya ndani kisha akayatia marekebisho ya kona aliyoyatoa kwenye jedwali la vipimo vya nje anajidanganya mara mbili.

Ushauri wangu ni upime kwa nje. Kwa vile naona hutahesabu kona moja moja, kipimo cha nje kitakuweka upande salama, na pia kitakuepusha na tatizo la zoni. Ile 108.70 imepungua mita za mraba 3.30 kutoka 112.00 kwa sababu kila zoni inaishia kwenye uso wa ukuta wake, na unene wa kuta zinazogawa vyumba hauhesabiwi popote, ingawa chini ya kuta hizo kuna sakafu na juu yake kuna dari inayopoteza joto kama kawaida.

Kuhusu kuifanya programu ikutolee eneo, mimi huchora ganda peke yake, kando ya modeli ya ujenzi, nikitumia SketchUp. Chora sanduku la mita 14.50 kwa 8.50, kimo mita 3.05. Kimo hicho ni 2.80 ya chumba, 0.15 ya jamvi la zege na saruji ya juu yake, na 0.10 ya dari pamoja na kihami joto, yaani tandiko la kuzuia joto lisitoroke, kitakacholala juu yake. Ukuta usiwe na unene, uwe uso mtupu. Madirisha na milango usiyatoboe. Yachore kama mistatili iliyomo ndani ya uso wa ukuta, kisha upake kila aina ya uso rangi yake: ukuta wa nje rangi moja, ukuta wa stoo nyingine, dari, sakafu, madirisha na milango vivyo hivyo. Programu itakuonyesha eneo la kila uso unaouchagua, na uso wa ukuta utakuwa umekwisha kujitolea madirisha wenyewe. Ukilifanya sanduku zima kuwa kundi moja na dirisha la taarifa likaonyesha ujazo wake, basi ganda limefunga na halina tundu. Ujazo usipoonekana, kuna uso uliokosekana au mstari uliobaki ukining'inia, na hapo usiendelee mpaka uupate. Kwako ujazo utakuwa mita za ujazo 375.91.

Dada_wa_Mafinga

Shikamoo mwalimu. Nimejifunza mengi katika maelezo yako, hasa ule ukuta uliokosekana, ila naomba kutofautiana nawe kidogo juu ya kuchora ganda kando. Ninafanya kazi kwa FreeCAD kwa sababu ofisi yetu ndogo haiwezi kulipia leseni kila mwaka, na nilichoona ni kwamba modeli mbili za jengo moja haziishi pamoja kwa amani. Mteja anasogeza dirisha leo, wewe unarekebisha modeli ya ujenzi, na wiki tatu baadaye unatoa hesabu kutoka kwenye sanduku ambalo dirisha lake bado liko mahali pa zamani.

Mimi hubaki na modeli moja, lakini siitegemei alama ya nje na ndani. Ukitoa jengo katika faili la IFC, muundo wa kubadilishana modeli kati ya programu mbalimbali, kila ukuta unaweza kubeba sifa inayoitwa IsExternal, na watu wengi huichuja hiyo wakidhani wamepata ganda. Sifa hiyo inasema tu kama ukuta umetengwa kwa matumizi ya nje ya jengo. Ukuta wa kibaraza unaosimama peke yake utaingia, ukuta wa kuficha paa katika nyumba hizi za kisasa utaingia, na ukuta wa stoo ya ndugu yetu hautaingia. Kwa hiyo ninaongeza sifa yangu mwenyewe, nimeipa jina la "ganda", yenye majibu manne: hewa ya nje, chumba kisichopashwa joto, udongo, na si ganda. Kila ukuta, slabu, dari, dirisha na mlango lazima uwe na mojawapo, na orodha ninaipanga kwa sifa hiyo.

Jambo la kuangalia ni kwamba kitu kimoja kisipite mipaka miwili. Ukuta mrefu wa kaskazini unaoanzia wodini na kuishia stooni ukichorwa kwa mkupuo mmoja hauwezi kupewa jibu moja lililo sahihi. Ukate pale ukuta wa stoo unapokutana nao. Vilevile ukate kwa kimo, sehemu ya chini ya sakafu iwe kitu cha pekee, na pembetatu za juu ziwe vitu vya pekee. Kazi hiyo haizidi nusu saa kwa jengo la ukubwa huo. Na ukisoma vipimo vya IFC, angalia kama umechukua GrossSideArea au NetSideArea, kwa sababu ya kwanza haijatoa madirisha na ya pili imekwisha kuyatoa. Nimewahi kuona hesabu iliyoyatoa madirisha mara mbili, ukuta ukabaki mwembamba kwenye karatasi.

Mwalimu_Uyole

Marahaba, binti. Hoja yako ya modeli mbili kuachana ni ya kweli, na kwa jengo lenye ghorofa au lenye mabawa mengi ningekufuata bila ubishi. Kwa wodi moja ya mstatili bado naona sanduku ni njia fupi, na lina faida moja ambayo orodha haina: orodha haiwezi kukuambia kwamba kuna tundu. Ukiwa na orodha, hakikisha yafuatayo kwa mkono. Kwa ganda lililofunga, jumla ya nyuso zinazotazama kaskazini lazima iwe sawa na zinazotazama kusini, mashariki iwe sawa na magharibi, na dari ikiangaliwa kutoka juu iwe sawa na sakafu. Ukikuta mashariki imepungukiwa na 25.93, unajua mara moja ni ukuta gani umeusahau.

Fundi_Kenchi

Ndugu zangu, mimi ni fundi wa paa hapa Njombe, si mtu wa programu, lakini nimeusoma mjadala huu nikaona mmeipita dari haraka mno. Mwalimu amesema kifuniko cha ganda ni dari, nami nakubali, ila dari ninazoziona kwenye majengo yetu si kifuniko. Bodi ya jipsamu inapigiliwa kwenye mbao, pembeni inaachwa nafasi inayofunikwa na kornishi, taa zinatobolewa, kidirisha cha kupandia juu kinawekwa bila mpira wala kitasa, na upepo unaoingia chini ya fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, unatembea juu ya dari yote kama uko uwanjani. Kwenye modeli uso huo ni mita za mraba 123.25 zilizofunga vizuri. Kwenye jengo ni kichujio.

Kwa hiyo naomba mchoraji aandike kwenye ramani, si kwenye hesabu peke yake, kwamba kihami joto kilazwe mpaka juu ya unene wa ukuta, kisiishie kwenye uso wa ndani. Fundi asipoambiwa ataishia pale mbao ya mwisho ya dari ilipo, kwa kuwa kule pembeni bati limeshuka na mkono hauingii vizuri. Kutandika blanketi la sufi ya kioo kabla ya kupiga bati ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya bati ni adhabu. Na kidirisha cha kupandia juu nacho kiwe na kihami chake, maana hicho nacho ni sehemu ya ganda.

Mwalimu_Uyole

Fundi amegusa mahali penyewe, na naomba nimpe namba za kumuunga mkono. Tumekuwa tukibishana juu ya asilimia 11 ya eneo, na ni haki tubishane, lakini eneo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni thamani ya U, yaani wati ngapi zinapita kwenye mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto.

Ukuta wako wa tofali la kuchoma la sentimita 22 na lipu ya sentimita 1.5 kila upande, nikichukua upitishaji joto wa 0.7 kwa tofali na 1.0 kwa lipu, unatoa U ya takriban 1.94. Dari ya jipsamu tupu, bila chochote juu yake, inakaribia 4. Ukiitandikia sentimita 9 za sufi ya kioo inashuka hadi kama 0.4. Zidisha kwa eneo la mita za mraba 123.25: dari tupu inapoteza wati 493 kwa kila nyuzi, iliyotandikwa inapoteza 49. Kwa tofauti yako ya nyuzi 17, hiyo ni kilowati 8.4 dhidi ya kilowati 0.84. Kuta zote za nje, mita za mraba 94.93, zinapoteza wati 184 kwa nyuzi. Maana yake dari tupu peke yake inazishinda kuta zaidi ya mara mbili na nusu, na kosa lolote la kupima kuta ni dogo mbele ya uamuzi wa kununua au kutonunua hayo mablanketi.

Kuhusu ukuta wa stoo, usiuhesabu kama wa nje kamili wala usiuache. Stoo itakuwa na joto la katikati, na kipunguzo chake kinapatikana kwa kulinganisha inavyopoteza kwenda nje na inavyopokea kutoka wodini. Inapokea kupitia mita za mraba 25.93, takriban wati 50 kwa nyuzi. Inapoteza kupitia kuta zake tatu, wati 85. Mlango wa chuma, wati 11. Na bati lisilo na dari, ambalo U yake ni kama 7, wati 196. Jumla ni 292. Gawanya 292 kwa 342 upate 0.85. Kwa hiyo ukuta huo unahesabiwa kwa asilimia 85, yaani wati 43 kwa nyuzi. Stoo ikiwekewa dari na kihami joto namba hiyo itashuka sana, lakini sidhani mteja atapenda kupasha hewa ya magunia.

Mchoraji_Makete

Nawashukuru sana nyote. Nimechora sanduku kama mwalimu alivyoelekeza na ujazo umeonekana, 375.91, baada ya kuhangaika na mstari mmoja uliokuwa umebaki ndani ya sanduku. Nimepata ukuta wa nje 94.94, ukuta wa stoo 25.93, madirisha 14.40, milango 5.04, dari 123.25 na sakafu 123.25. Kuhusu wazo la Dada wa Mafinga, nimezikata kuta za modeli kubwa na kuzipa sifa ya ganda. Orodha sasa inasema 120.86, sawasawa na sanduku. Senti zinazotofautiana na za mwalimu ni za kukaribisha tu.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza ni sakafu: iko juu ya udongo, haina kihami joto, na udongo hauna nyuzi 8, sasa niizidishe kwa U gani? La pili ni hewa inayobadilishwa, maana wodi lazima ipate hewa safi. Je, nitumie ule ujazo wa 375.91?

Mwalimu_Uyole

Kwa sakafu, eneo peke yake halitoshi. Unahitaji pia mzunguko, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hutorokea pembezoni na katikati ya sakafu hupotea kidogo. ISO 13370, kiwango cha kimataifa cha joto linalopotelea udongoni, inaligawa eneo kwa nusu ya mzunguko ulio wazi. Stoo haimo kwenye eneo, lakini urefu wa ukuta wa stoo unahesabiwa kwenye mzunguko, kwa kuwa stoo haipashwi joto. Kwa hiyo mzunguko wako ni mita 46 zote, na 123.25 ukiigawa kwa 23 unapata 5.36. Kwa ukuta wa sentimita 25 na udongo wenye upitishaji joto wa 2.0, U ya sakafu hiyo inakuwa takriban 0.75, yaani wati 92 kwa nyuzi. U hiyo imekwisha kuubeba udongo ndani yake, kwa hiyo usiongeze tena kipunguzo kingine. Kwa usiku mmoja wa baridi kali itakupa namba ya juu kidogo kuliko hali halisi, kwa kuwa udongo haupoi kwa usiku mmoja, na kwa kuchagua kipasha joto hilo si tatizo.

Kwa hewa, hapana, usitumie 375.91. Huo ni ujazo wa ganda pamoja na unene wa kuta, jamvi na dari, na hakuna anayevuta tofali. Hapa kipimo cha ndani kinarudi kwa haki yake: 14.00 kwa 8.00 kwa 2.80 ni mita za ujazo 313.60, na ukitoa kuta za kugawa vyumba, 108.70 kwa 2.80, inabaki 304.36. Vitabu vingi vitakuambia uzidishe kwa 0.34 kwa kila badiliko moja la hewa kwa saa, lakini namba hiyo ni ya hewa ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko wa mita 2,000 hivi hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20, kwa hiyo tumia 0.27. Hapo badiliko moja kwa saa ni wati 82 kwa nyuzi badala ya 103. Ni moja ya nafuu chache tunazopewa na milima hii.

Dada_wa_Mafinga

Naongeza dokezo moja juu ya madirisha, kwa kuwa ndugu Mchoraji ameyajumlisha kuwa 14.40 bila kuyagawa. Kwa kupoteza joto haidhuru, lakini kwa kupokea jua inadhuru. Huku kwetu jua la Juni linapita upande wa kaskazini. Kwa latitudo ya Makete saa sita mchana ya mwezi huo liko juu kwa takriban nyuzi 57, na dirisha la kusini halipati mwanga wake wa moja kwa moja. Nimeona ramani zilizonakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya zikiweka madirisha makubwa kusini "ili kupokea jua", na programu ikakubali bila kusema neno, kwa sababu aliyechora hakuwa ameiingizia mahali jengo lilipo. Weka latitudo na uelekeze kaskazini ya kweli kwanza, kisha yapange madirisha kwa pande nne. Pia ukingo wako wa sentimita 60 utatupa kivuli cha kama sentimita 93 chini ya ncha yake saa hiyo ya mchana, kwa hiyo pima juu ya dirisha la kaskazini liko umbali gani kutoka ukingoni kabla ya kulitegemea.

Mchoraji_Makete

Nimeangalia sasa hivi. Kaskazini ya modeli yangu ilikuwa imegeuka nyuzi 180, na madirisha matano kati ya manane yalikuwa yanatazama kusini. Ninarudi kwa mteja kesho kabla msingi haujachimbwa.

Fundi_Kenchi

Ukienda kwake, mwambie na habari ya mablanketi kabla bati halijaagizwa.